Siku Mwalimu Alipoinua Mikono Yote Miwili

Siku hizi nikija hapa dukani mnanipokea kama mgeni. Mnanivutia kiti, mnaniagizia chai, mnaniuliza habari za magoti, kisha mnarudi kwenye kazi zenu mkidhani sioni. Naona. Naona mnavyofunga raba za breki huku jicho moja liko kwenye simu, na moyo unanienda mbio. Juzi nilimsikia mmoja wenu akinong'ona kwamba Mama Fundi ana wasiwasi hata na baiskeli iliyoegeshwa ukutani. Nilicheka, kwa sababu ni kweli. Spana nimeziacha, lakini wasiwasi haujakubali kustaafu.

Basi leo wekeni simu chini kidogo niwaeleze.

Kazi hii sikuisomea mahali. Nilifundishwa kule Maungu na Mzee Kilonzo, Mkamba mmoja mrefu, mkimya, aliyekuwa na kibanda kando ya barabara kuu, pale malori yanaposimama. Baba alinituma kwake na baiskeli iliyokatika cheni, nikakaa kumtazama akifanya kazi. Kesho yake nikarudi bila baiskeli. Alinifukuza mara kadhaa, akachoka, akanipa tambara nifute spoku za magurudumu.

Wakati huo baiskeli zilizotujia zilikuwa Black Mamba, zile nzito za chuma, na hakuna aliyezipanda kwa starehe. Zilibeba maji, makaa, mahindi, na siku nyingine mgonjwa. Breki zake zilivutwa kwa fito za chuma, si waya kama hizi zenu. Mtu akileta baiskeli yake, Mzee Kilonzo alimwambia aiendeshe mbele ya kibanda huku yeye amefumba macho. Wateja wapya walidhani anasali.

"Sikiza kwanza," aliniambia. "Ukianza na macho, yatakuambia ni nzuri kwa sababu imepakwa rangi."

Kulikuwa na jamaa mmoja hapo Maungu aliyechoshwa na kelele za breki zake. Akizishika, mbwa wa mtaa mzima wanabweka. Siku moja akaona dawa ni kuzipaka mafuta ya kupikia. Kelele ziliisha kabisa. Aliteremka kimya kimya, akavuka barabara, akaingia moja kwa moja kwenye ua wa mkonge. Walimleta kibandani kwetu yeye na baiskeli yake, na Mzee Kilonzo akawa anamtoa miiba kwa koleo huku akimuuliza kwa upole, "Sasa ile kelele ilikuwa inakuudhi nini?"

Mimi nilicheka mpaka nikatoka nje. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kupuuza sauti ya breki. Ikilia najua iko. Ikikwaruza, najua raba imeisha na chuma kimekutana na chuma. Ile ya kukwaruza ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Mnaijua ile timu ya baiskeli ya hapa Voi, ile inayotoka kila mwaka kwenda Taveta kwa kupitia milimani. Ninyi mnawajua wa sasa, wenye kofia zinazong'aa na maji yanayonyonywa kwa mrija. Wale wa kwanza walikuwa watu wa kazi zao tu: nesi, karani, mwenye duka la dawa za mifugo. Siku ya kwanza walitoka Voi mapema, wakapita mashamba ya mkonge hadi Mwatate, kisha wakapanda mpaka Wundanyi. Wakila chakula huko juu wanashuka tena Mwatate kulala. Siku ya pili wanashika njia ya Taveta, tambarare ndefu na jua kali, mpaka Bomeni, hapo hapo Taveta.

Mimi nilikuwa fundi wao. Nilikaa kwenye pikapu iliyofuata nyuma, na dereva alikuwa Mutua, mtu mpole anayeendesha kama amebeba mayai. Kiongozi wa timu alikuwa Righa, kijana mwenye miguu ya swala na subira ya nyuki. Kila tuliposimama, yeye alikuwa tayari ametazama saa.

Mwaka ninaousimulia, ambao ulikuwa karibu na mwisho wa kazi yangu, Righa alikuja dukani na Mwalimu Mwadime.

Mwalimu Mwadime alizaliwa huko huko milimani, akafundisha miaka mingi Taveta, akajenga Bomeni. Presha ya macho ilimchukua kidogo kidogo hadi akawa haoni kitu. Alikuwa mwendesha baiskeli mzuri zamani, na sasa alitaka kurudi Wundanyi kwa baiskeli. Timu ilikuwa imepata baiskeli ya watu wawili, mmoja mbele anaendesha, mwingine nyuma anakanyaga tu. Ilikuwa imekaa ghalani kwa mtu fulani hadi kuku wakaifanya nyumba. Waliniletea niifufue.

Wa kukaa mbele alikuwa Wakesho, binti wa Mwatate, nesi, mwenye mabega imara na kichwa kilichotulia. Walifanya mazoezi wiki nyingi kwenye barabara ya Mwatate. Aliyekaa mbele alihitaji mikono yote miwili kwenye usukani, kwa hiyo ishara tulimwachia Mwalimu. Tulipatana hivi: mkono mmoja juu maana yake tunataka kusimama. Mikono miwili juu maana yake hatuwezi kusimama. Hiyo ya pili niliongeza mimi. Righa aliona ni kuita balaa, Mwalimu akasema, "Mwache Mama Fundi. Mtu mwenye hofu ndiye ninayetaka anifungie breki."

Siku moja kabla ya safari simu yangu ililia. Alikuwa mke wa Mwalimu, Mama Neema, anapiga kutoka Bomeni.

"Mama Fundi," akasema, "mume wangu hanisikii. Anasema baiskeli ni nzuri. Wewe niambie. Hizo breki zitashika?"

Nilitamani sana kumwambia ndiyo. Nilikuwa nimezifungua na kuzifunga mara nyingi kuliko nilivyomwogesha mtoto wangu yeyote. Lakini nilijua ule mlima. Baiskeli ya watu wawili ina uzito wa watu wawili na breki ni zile zile mbili, zinazobana rimu, ule ukingo wa chuma wa gurudumu, kwa raba. Ukishuka umezishika muda mrefu, rimu inapata moto kama sufuria.

"Leo zinashika," nikamwambia. "Ya mlimani nitakuwa nayaangalia hapo hapo."

Akasema, "Basi uwe nyuma yake."

"Nitakuwa nyuma yake."

Asubuhi hiyo ya safari sikuweza kunywa chai. Kupanda kulikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia, na hapo ndipo hofu yangu ilipozidi, maana nilikuwa nimejiandaa kwa shida na shida haikuja. Mwalimu alikanyaga akizungumza njia nzima. Alijua tulipo kwa harufu. "Hapa ni mikaratusi," anasema, na kweli ni mikaratusi. "Hapa mtu anakausha maharagwe." Watoto walikimbia kando yao, wanawake wenye mizigo ya majani ya ng'ombe wakasimama kushangaa ile baiskeli ndefu. Mzee mmoja alimtambua kwa sauti, akamsalimu kwa Kidawida, lugha ya milima hiyo, na Mwalimu akajibu bila kuacha kukanyaga, huku anacheka na machozi yanamtoka.

Wundanyi tulifika na ukungu. Tulipomaliza kula, mvua ikashuka. Tulijibanza kwenye baraza la hoteli ndogo, tukasikiliza bati. Righa alitoka kutazama anga na kurudi, akatoka tena.

"Ikipungua tu tunaondoka," akasema. "Tukingoja ukungu ushuke hatutaiona barabara."

"Barabara imelowa," nikamwambia.

"Mama, ya Wundanyi imelowa nusu ya mwaka."

Alikuwa na haki yake. Kungoja nako kulikuwa na hatari. Niliinamia ile baiskeli pale barazani, nikatoa raba za nyuma nikatia mpya, ingawa za zamani zilikuwa na maisha bado. Nikakaza waya. Nikamwambia Wakesho abane breki na kuachia, abane na kuachia, ya mbele na ya nyuma kwa zamu, asizishikilie. Nikamwambia tutasimama kila tukipata mahali pana ili rimu zipoe.

"Sawa, Mama Fundi. Tutakuwa poa," akasema. Lakini niliona anafuta viganja kwenye suruali.

Mvua ilipokuwa manyunyu tukaondoka. Righa na wengine walitangulia, ile ndefu ikafuata, na sisi kwenye pikapu nyuma yake. Mutua alishusha kioo upande wangu bila kuambiwa, kwa sababu anajua nasikiza. Mvua iliniingia usoni, nikaiacha.

Tulisimama mara ya kwanza palipo na nafasi ya magari kugeuza. Nilishuka mbio nikagusa rimu kwa mgongo wa mkono. Sikilizeni hapo vijana: mgongo wa mkono, si kiganja, maana kiganja mtakihitaji baadaye. Ilikuwa vuguvugu tu. Maji ya mvua yalikuwa yanaipoza. Raba zilikuwa nzima. Mwalimu akauliza, "Zinasemaje?" Nikamwambia zinasema asante. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilipumua mpaka chini.

Tulipopita kijiji cha Dembwa hali ikabadilika. Kingo za barabara zilikuwa zimemeguka kwa mvua, na maji mekundu yalikuwa yanavuka lami yakibeba udongo na changarawe. Ile ndefu ilipita kwenye tope la kwanza, la pili, na tope likapanda nalo kwenye magurudumu. Wenye Black Mamba wa zamani walilijua hilo. Mchanga ukiingia kati ya raba na rimu unakuwa msasa, na kila unapobana breki unajisagia breki yako mwenyewe. Raba ambayo ingekupeleka miezi inaisha kabla hujafika chini. Siyo kosa la fundi wala la mwendeshaji. Lakini kujua hivyo hakunisaidii usiku nikiota.

Nilianza kuisikia. Kwanza ile sauti laini, kama mtu anapiga pasi nguo yenye maji. Kisha kukawa na punje ndani yake. Kisha ikakwaruza.

"Mutua," nikasema, "piga honi. Wasimame."

Mutua akapiga. Wakesho alisikia, maana niliona mabega yake yakikaza na vidole vikibana. Mwalimu akainua mkono mmoja kuonyesha kwamba wanasimama. Nikangoja wapunguze mwendo. Ile baiskeli ikaingia kwenye kona, ikatoka kwenye kona, na ilikuwa inakwenda kasi zaidi.

Ndipo Mwalimu akainua mkono wa pili.

Nimeona mengi kwenye kazi hii, lakini hiyo picha ndiyo inayonirudia. Mtu asiyeona, amekaa nyuma ya baiskeli inayoshuka mlima, mvua inampiga, na mikono yake yote miwili iko juu wima kama mtu anayejisalimisha. Hakushika kitu. Tulipatana kwamba atafanya hivyo, naye akafanya.

"Ameinua yote?" Mutua akauliza, ingawa alikuwa anaona.

"Yote."

Nilikuwa nimemwahidi Mama Neema kwamba nitakuwa nyuma yake. Nyuma pale kulikuwa hakuna msaada wowote isipokuwa kutazama. Nikajaribu kuikumbuka barabara iliyo mbele, kila kona, kila ukingo. Upande wa kulia ni bonde. Kushoto ni ukuta wa udongo. Kisha nikaikumbuka njia ya kanisa. Baada ya kona iliyofuata kuna kipande kilichonyooka, na mwisho wake upande wa kushoto kuna njia ya murramu, udongo na changarawe tu, inayopanda kwenda kanisani. Inapanda kwelikweli. Waumini huwa wanailaani.

"Wapite," nikamwambia Mutua. "Kaa kulia kwao, washa taa zote, na usiache honi. Wakiingia kushoto, sisi tumewazibia magari yanayopanda."

Mutua, yule anayeendesha kama amebeba mayai, alikanyaga mafuta. Kama kungekuwa na lori linapanda, nisingekuwa hapa nawachosha na hadithi. Tulitoka kwenye kona tukawa sambamba nao, karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa Mwalimu bega. Nilitoa kichwa na kifua nje ya dirisha.

"Wakesho! Kanisa! Kushoto, inapanda!"

Hakunisikia. Macho yake yalikuwa kwenye lami na mdomo wazi, na upepo ulikuwa unachukua kila neno. Nikaita tena, sauti ikapasuka. Lakini Mwalimu aligeuza uso kwangu. Alishusha mikono, akainama mbele hadi kidevu kikafika karibu na sikio la yule binti, na nikaona midomo yake ikisema polepole, kama anamsomea mtoto imla. Kushoto. Kanisa. Inapanda.

Wakesho akaitikia kwa kichwa, kidogo sana.

Sasa mjue kwamba baiskeli ya watu wawili haigeuki kwa mtu mmoja. Wa nyuma akikaa wima huku mwenzake wa mbele analala upande wa kona, wote mnakwenda chini. Mtu anayeona hulala akiiona kona. Mwalimu alikuwa na mgongo wa Wakesho tu. Niliona ameweka mikono yake miwili kiunoni kwa Wakesho, na binti alipoanza kulala kushoto, naye akalala, kama shati linavyofuata mwili. Gurudumu la nyuma liliteleza kwenye changarawe ya mdomo wa ile njia. Nikafumba macho.

Nilipoyafumbua hawakuwa barabarani. Mutua alikuwa ameshasimamisha pikapu katikati ya njia na taa zinawaka. Nilishuka nikakimbia, kama mnaweza kuiita ile mbio. Walikuwa wamepanda ile njia mpaka mwendo ukawaishia wenyewe karibu na geti la kanisa, wakaanguka kwa ubavu ndani ya majani ya ng'ombe, polepole, kama mtu anayejilaza.

Mwalimu alikuwa amepoteza kiatu kimoja. Goti la Wakesho lilikuwa linatoka damu. Basi. Nilipapasa mikono yao, mabega yao, vichwa vyao, nikarudia tena, mpaka Mwalimu akasema, "Mama Fundi, mimi si baiskeli."

Kisha nikaiangalia baiskeli. Raba zilikuwa zimesagika zote, za mbele na zile mpya za nyuma, chuma kitupu, na rimu imechorwa mistari kama imekwaruzwa na paka. Matone ya mvua yalikuwa yanalia yakiigusa.

Simu ya Mwalimu ikaita mfukoni mwake. Sijui kilichomsukuma Mama Neema kupiga saa hiyo. Mwalimu aliisikiliza, akasema, "Breki zimeisha, lakini tumesimama. Tuko kanisani. Ndiyo, wote. Hapana, sikudanganyi, ngoja uongee na Mama Fundi." Nilichukua simu nikiwa bado ninahema. Mama Neema alinisikia nikipumua, akasema, "Asante, mama," akakata.

Nitawaambia sasa hivi ili msikae roho juu: Taveta walifika, siku ya pili yake, na Wakesho ndiye aliyekaa mbele, na Bomeni tulichinjiwa mbuzi. Lakini pale getini hakuna aliyejua hayo. Wakesho alikuwa ameketi kwenye majani, mikono yake bado imekunja vidole kama imeshika breki. Nilijaribu kuvinyoosha, havikunyooka.

"Ningemuua Mwalimu," akasema. Alikuwa haambii mtu yeyote.

Mwalimu akamtafuta kwa mkono mpaka akampata bega, akaketi karibu naye kwenye majani yaliyolowa.

"Wakesho, mimi sikuona kitu," akamwambia. "Sikuona bonde, sikuona kona, sikuona gari. Nilisikia upepo tu na sauti ya Mama Fundi anapiga kelele kama anafukuza nyani. Wewe ndiye uliyeyaona yote. Kwa hiyo usijilazimishe kuwa sawa kwa ajili yangu. Lia kwanza."

Akalia. Tulikaa hapo, tukimngoja amalize, na hakuna aliyemharakisha.

Righa alitokea akipanda kwa nguvu, amerudi kututafuta baada ya kuona hatufiki. Wengine walikuwa nyuma yake. Aliitazama rimu, akawatazama hao wawili kwenye majani, na uso wake ukapoteza rangi. Nilingoja aseme kuhusu mvua au saa. Badala yake alivua koti lake akamfunika Wakesho.

"Tuipakie kwenye pikapu," akasema baadaye. "Nao wakae mbele na Mutua. Dakika chache tuko Mwatate."

"Mimi sipandi," Wakesho akasema.

"Si baiskeli, ni gari."

"Hata gari. Sitaki kitu chochote chenye magurudumu kinachoshuka. Nitatembea."

Righa alifungua mdomo. Mimi nilijua anachotaka kusema, kwamba ni mbali, kwamba goti linatoka damu, kwamba jua litatuzamia. Yote yalikuwa kweli. Lakini Mwalimu alikuwa ameshasimama, na kiatu chake kimoja alikuwa ameletewa na Mutua.

"Nami natembea," akasema. "Ila mtu aniongoze."

Wakesho akafuta uso, akampa kiwiko chake. Wakaanza kushuka ile njia ya kanisa, hatua fupi fupi, yeye akimwambia, "Jiwe hapa. Maji. Sasa lami."

Tulipakia ile baiskeli. Nilidhani Righa na wenzake watapanda zao na kutungojea chini. Righa alishika usukani wa baiskeli yake, akatazama mteremko, akatazama migongo ya wale wawili, kisha akashuka kando yao akiisukuma kwa mkono. Yule mwenye duka la dawa za mifugo akafanya vivyo hivyo, na karani naye. Viatu vyao vya baiskeli vilikuwa vinagonga lami kama kwato. Na mimi, ambaye magoti yangu hayakutaka kusikia habari hizo, niliona aibu kukaa ndani ya gari. Mutua aliweka gia ya kwanza akatufuata kwa mwendo wa konokono, taa zinawaka, na magari yaliyotupita yalipunguza mwendo watu wakatutazama kana kwamba tunasindikiza maiti.

Mwanzoni kila maji yalipovuka barabara niliyatazama kama adui. Baadaye Mwalimu akaanza tena mambo yake ya harufu. Akasema hapa kuna mtu anachoma mahindi, na kweli kona iliyofuata alikuwako, na Righa, yule asiye na subira, akasimama kununulia watu wote. Tukatembea tukitafuna. Vidole vya Wakesho vilinyooka bila yeye kujua, akiwa anapukuchua punje kumpa Mwalimu.

Ukungu tuliuacha juu. Chini kulikuwa kukavu, vumbi liko palepale kana kwamba mlimani hakukunyesha. Tuliingia Mwatate tukiwa msafara wa watu wenye tope, wengine wakisukuma baiskeli nzuri zisizo na kasoro. Kwenye mabanda ya kwanza kulikuwa na mama anauza ndizi. Alitutazama kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, akashika kiuno.

"Jamani, poleni. Baiskeli zote zimeharibika?"

Righa alinitazama mimi. Mwalimu ndiye aliyejibu, bado ameshika kiwiko cha Wakesho.

"Hapana, mama," akasema. "Tumeshuka tu."